Wa Kwanza Wapite

Walikuwa saba. Tiriaq alikuwa amewahesabu mara tatu kwa darubini, na kila mara alijichukia kidogo, kwa sababu kwao tuktu hawahesabiwi wakiwa bado wanakuja. Lakini ndiyo kazi aliyoajiriwa: kukaa kwenye kibanda cha mbao kando ya barabara ya mgodi, kilomita ya arobaini na moja, kuwatazama wanyama hao wa pembe wanaohama kila mwezi wa tano, na kutaja idadi yao kwenye redio ya upepo.

Majike saba, wote wazito kwa mimba, walikuwa wamesimama juu ya mwinuko upande wa kusini, pua zao zikiupima upepo. Aliyetangulia alikuwa mzee mwenye pembe moja tu. Nyuma yao hapakuonekana kitu. Theluji ilikuwa inapeperuka chinichini, na mwinuko ulificha yote yaliyo upande wa pili. Mbele yao ilikuwa barabara, na ng'ambo ya barabara, mwendo wa siku kumi kwenda kaskazini, ilikuwa nchi wanayozalia tangu hapajawa na mtu wa kuwatazama.

"Kilomita arobaini na moja," redio ikakoroma. "Tiriaq, una wangapi?"

Alikuwa Brandt, msimamizi wa barabara, mtu wa kusini mwenye moyo mzuri na usingizi haba. Dhoruba ilikuwa imeifunga barabara siku mbili nzima. Mashine ya kusaga mawe kule kiwandani ilikuwa inazunguka tupu, na malori kumi na mawili yaliyosheheni mawe ya dhahabu yalikuwa yamejipanga shimoni yakingoja ruhusa yake.

Tiriaq aliinua tena darubini. Kwenye kiti cha pembeni mzee Qavik, mwangalizi mwenzake, alikuwa anakula pichi za kopo kwa ncha ya kisu. Akamtupia jicho la uchokozi.

"Jibu basi, Hamsini," alisema. "Mkubwa anataka namba, na kwa namba wewe hakuna anayekushinda."

Hamsini. Kijiji kizima kilikuwa kinamwita hivyo kwa miaka sita. Alikuwa amejifunza kucheka pamoja nao, na jioni alipofika nyumbani kicheko kilikuwa kinamkaa kooni hadi anapolala.

Yote yalianzia kwenye ukumbi wa shule. Mgodi ulipotaka njia, wakubwa wake walikuja wakaketi na wazee siku nne, wakaandika Misingi Saba ya kuiendeleza nchi bila kuiua. Nisiwasingizie: ilikuwa misingi mizuri. Wenyeji waulizwe kabla, si baada. Maji yabaki kama yalivyokutwa. Wajukuu nao wakute kitu. Msingi wa nne ulisema wanyama wanaohama wapewe njia, na malori yasimame kundi likifika. Hapo wakili wa kampuni akainua kalamu akauliza: kundi ni tuktu wangapi?

Wazee walinyamaza. Kumhesabu mnyama ambaye hajafika ni majivuno, na tuktu husikia majivuno. Mwishowe Qavik ndiye aliyesema. Wa kwanza wapite bila kuguswa wala kushtuliwa, wengine watafuata nyayo zao. Wa kwanza wakigeuzwa, wote wamegeuka. Basi. Wakili akasema anaelewa sana, lakini ni wangapi? Aliuliza mara tatu, na mara ya tatu wazee waliinamisha macho mezani, wakimwonea aibu.

Tiriaq alikuwa mkalimani. Siku nne za kusema kwa niaba ya kila mtu zilikuwa zimemchosha hata ulimi. Wakati wa chai wakili alimfuata kwenye korido, naye pia kachoka, akamwomba amsaidie, hata kwa kukisia. Na katika nyumba aliyolelewa Tiriaq, mgeni akiomba kitu mara tatu hupewa chochote kilichopo, aondoke na kitu mkononi. "Labda hamsini hivi," alimwambia, kama anayempa biskuti. Wakili akashukuru, akaandika. Kitabu kiliporudi kutoka kusini kimechapwa, hamsini ilikuwa imekaa katikati ya msingi wa nne, na yale maneno ya Qavik kuhusu wa kwanza hayakuwapo popote.

Mwaka juzi tuktu viongozi walifika ishirini. Malori yakapita kwa mujibu wa sheria, polepole, moja baada ya jingine, kutwa nzima. Viongozi wakageuka, na maelfu waliokuwa nyuma yao wakageuka nao, wakazalia juu ya barafu ya mto huku mto unapasuka. Ndama waliokwenda na maji hakuna aliyewahesabu. Majira yale ya baridi kijiji kilikula kuku wa kugandishwa wa dukani, na Tiriaq alipoingia dukani watu walimpisha kwa heshima iliyomuuma kuliko matusi.

Akabonyeza redio. "Saba," alisema.

"Saba tu? Safi. Chini ya hamsini, tunapita kwa mwendo wa thelathini. Naruhusu malori."

"Brandt, hawa ndio viongozi. Nipe nusu saa wavuke."

"Nikikupa wewe nusu saa, waangalizi wa kilomita ya kumi na nane nao wataitaka, na jioni itanikuta sijasafirisha hata jiwe moja." Brandt akavuta pumzi. "Tiriaq, ile namba si yangu. Ni yenu. Mliisema wenyewe."

Alishusha redio mezani. Ilikuwa kweli, na aliyeisema alikuwa yeye.

"Ungemwambia hamsini," Qavik alisema akilamba kisu. "Yule anaona wapi?"

"Wewe ungemwambia?"

Mzee akautazama mwinuko. "Hapana. Niwasemee uongo nao wananitazama? Sina ubavu huo."

"Basi acha kunichimba."

"Nakuchimba nione kama kuna mtu humo ndani."

Redio ikakoroma tena, safari hii kwa sauti changa na changamfu: "Lori namba moja natoka shimoni."

Tiriaq aliijua sauti hiyo. Dereva wa lori la mbele alikuwa Arnaluk, mtoto wa dada yake, kijana wa miaka ishirini na mitano mwenye ndevu chache za kubembeleza. Alizaliwa mwezi mmoja baada ya mama yake Tiriaq kufariki, akapewa jina la marehemu, na kwa watu hawa jina halirudi peke yake. Hurudi na mwenyewe. Kwa hiyo Tiriaq humwita Mama, naye kijana humwita Tiriaq mwanangu, na akimkuta nje bila kofia humgombeza kweli kweli, na ndevu zake hizo.

Kutoka shimoni hadi kilomita ya arobaini na moja ni dakika ishirini. Jike wa pembe moja alikuwa ameanza kushuka.

Tiriaq alisimama akaanza kuzunguka kibanda. Ukutani, chini ya karatasi ya Misingi Saba iliyobabuka kwa mvuke wa birika, kampuni ilikuwa imebandika sheria zake za usalama. Kofia ngumu. Mkanda. Ya tatu alikuwa ameisoma mara mia bila kuiona: *Mtu yeyote akiwa barabarani kwa miguu, magari yote yasimame hadi aondoke.*

Mtu yeyote. Hapakuwa na idadi. Hakuna wakili aliyemfuata mtu kwenye korido kumuuliza ni watu wangapi wanaofanya mtu.

Alivaa koti lake la manyoya, akachukua redio ya mkononi na thamosi.

"Unakwenda wapi?" Qavik aliuliza.

"Kunywa chai."

Mzee akaacha kutafuna. "Barabarani?"

Tiriaq akainua nyusi, ndiyo.

"Lile lori si mbwa, useme simama lisimame. Na mteremko wote ni barafu." Sauti yake haikuwa na utani sasa. "Na ukipona, kibarua chako kitaota nyasi."

"Mwezi huu hata nyasi hazioti, mzee," alisema, akatoka.

Alitembea taratibu, maana anayekwenda haraka humshtua mnyama. Barabara ilikuwa imechongwa na greda katikati ya kuta mbili za theluji zilizomfika kifuani. Alitaka kuketi, lakini theluji iliyokuwa inapeperuka ilifika magotini. Angeketi asingeonekana kabisa. Akasimama katikati, akamimina chai, na nusu yake ikamwagika kwenye glavu. Kushoto kwake, hatua kama mia na hamsini, jike wa pembe moja alisimama na kumtazama. Mbele yake barabara ilipanda hadi ukingo wa kilima, na huko juu palikuwa bado weupe mtupu.

"Mtu yupo barabarani kwa miguu," alisema kwenye redio. "Kilomita arobaini na moja, chini ya mteremko."

"Nani?" Brandt akauliza.

"Mimi."

"Toka hapo!"

"Sijamaliza chai."

Brandt alitamka neno ambalo halikupaswa kupita redioni. Kisha, kwa sauti nyingine: "Malori yote, simameni! Simameni mlipo! Kuna mtu barabarani!"

Mmoja mmoja wakaitika kwamba wamesimama. Namba mbili, namba tatu, namba nne. Namba moja ilinyamaza. Halafu taa mbili za njano zikachomoza juu ya ukingo wa kilima, na Tiriaq akahisi ardhi ikitetemeka kabla hajasikia mngurumo.

"Nimeshaingia mteremkoni," Arnaluk alisema.

"Mama," Tiriaq alimwita, kwa lugha yao. "Unaniona?"

"Nakuona, mwanangu. Nimekanyaga breki, haishiki. Toka hapo."

"Nikikimbia watashtuka."

"Watashtuka? Nina tani tisini mgongoni, wewe unaniambia watashtuka?"

"Usipige honi, Mama. Nakuomba."

Aliogopa. Tusimpambe: aliogopa mpaka meno yakagongana. Na kilichomjia, cha kuchelewa na kibaya, hakikuwa kifo chake bali Arnaluk kuwa ndiye aliyemuua, na kuishi nacho. Hilo hakuwa amelifikiria kule kibandani. Alijiona mshenzi, mtu mzima wa miaka thelathini na minane, kumfanyia hivyo mtoto wa dada yake. Lakini upande wa kushoto jike yule alikuwa ameinua mguu mmoja wa mbele na kuuacha hewani, naye Tiriaq akabaki pale pale na kikombe chake.

Honi haikulia. Lori lilianza kwenda upande, matairi yakiwa yamekwama na mwili mzima ukiteleza. Kisha Arnaluk akalielekeza kwa nguvu kwenye ukuta wa theluji wa kusini. Ukuta ukapasuka kwa kishindo. Theluji ikaruka juu ikafunika taa, lori likaburuta, likaburuta, likiufumua ukuta, na likatulia limeinama upande mmoja. Kutoka pua yake hadi kwenye viatu vya Tiriaq zilikuwa hatua kumi na mbili. Qavik alizipima baadaye.

Majike wote saba walikuwa wamekimbia kurudi mwinukoni.

"Zima injini," Tiriaq alisema. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Kwa baridi hii haitawaka tena mpaka waje kuipasha. Ni marufuku. Watanifukuza."

"Najua, Mama."

Moshi wa lori ulikuwa unalazwa na upepo. Kisha mngurumo ukakohoa na kufa, na kikabaki kile kimya cha nchi tupu ambacho Tiriaq alikuwa amesahau kwamba bado kipo.

"Nakuja mwenyewe," Brandt alisema redioni. "Dakika kumi na tano. Asisogee mtu."

Hakuna aliyesogea. Chai iliota utando wa barafu kikombeni. Tiriaq alitazama mwinuko bila darubini. Jike wa pembe moja alikuwa amewapa mgongo. Akigeuka kabisa na kupotea, yote haya yatakuwa bure: lori lililoharibika, kazi ya Arnaluk, na ndama tena kwenye barafu ya mto. Dakika tano. Dakika nane. Vidole vya miguu vilikuwa vimeacha kuuma, na hiyo ni dalili mbaya. Upande wa kiwandani, mbali, akasikia gari dogo la Brandt likija kwa kasi, na alitamani litumbukie mtaroni, ingawa hakuwa na kinyongo na mtu yule.

Ndipo jike akageuka.

Alishuka kama anayekumbuka kitu, hatua chache, kusimama, hatua chache. Alifika kwenye ukuta wa theluji, akaunusa, akakuta ni mrefu kwa tumbo alilobeba. Akatembea kandokando yake akitafuta mahali. Na mahali palikuwa pamoja tu: nyuma ya lori la Arnaluk, pale matairi yalipoufumua ukuta na kuulaza chini. Palinuka mafuta na mpira ulioungua. Jike alisimama hapo, masikio yakienda mbele na nyuma.

Kupitia kioo cha mbele cha lori Tiriaq aliuona uso wa Arnaluk. Alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono miwili, mvuke wa pumzi usionekane.

Jike akapita. Kwato zake zikalia juu ya barafu ya barabara, tak, tak, tak, akaruka ukingo wa kaskazini ambao upepo ulikuwa umeushusha, na alipofika upande wa pili akajitikisa mwili mzima. Wa pili akafuata, akikanyaga alipokanyaga mwenzake. Wa tatu. Wote saba. Nyuma, mwinuko wote ukaanza kusogea.

Walitokea juu yake kwa mstari mmoja, kisha mistari mitatu, kisha ukawa hauoni theluji. Walishuka wakielekea lile pengo, wakikohoa, vifundo vya miguu yao vikitoa ule mlio mdogo wa kualika, na harufu yao ikaijaza barabara. Qavik alikuwa ametoka kibandani bila kofia. Alisimama mlangoni na kopo lake la pichi, machozi yakimganda mashavuni, wala hakujali nani anamwona.

Brandt alisimamisha gari mbali, na alikuwa na akili ya kutoupigiza mlango. Alikuja kwa miguu hadi alipo Tiriaq, akasimama naye akitazama kwa muda mrefu. Arnaluk naye aliteremka upande wa pili akawajia.

"Mungu wangu," Brandt alisema kwa sauti ndogo. Kisha akakumbuka yeye ni nani, akatoa fomu kwenye koti. "Sikilizeni. Hapa sasa kuna maelfu. Andika ulisimamisha magari kwa ajili ya kundi la hamsini na zaidi, nami natia sahihi. Wewe unabaki kazini. Huyu anabaki kazini. Hakuna atakayeuliza ilikuwa saa ngapi."

Lilikuwa jambo la utu, na Tiriaq alilijua hivyo. Alichukua kalamu. Penye neno *Idadi* palikuwa na kisanduku kidogo, cheupe.

"Nikipaacha wazi?"

"Pakiwa wazi, mkataba unasema idadi ina utata, na pande zote zirudi mezani. Yaani wazee, mawakili, kila mtu. Wakubwa watawaka moto." Brandt akasugua macho. "Na mimi nitalazimika kuchukua vitambulisho vyenu vya kazi leo hii. Vyote viwili. Usinifanyie hivyo, Tiriaq."

Akiandika hamsini, itaonekana hamsini imefanya kazi. Kitabu kitakuwa kimesema kweli. Na mwakani mtu mwingine atakaa kwenye kibanda kile, viongozi watafika tisa, au wanne, naye atasema ukweli redioni na malori yatakuja. Hayo aliyaona wazi. Lakini Arnaluk alikuwa na mtoto wa miezi minne nyumbani.

"Mama," alisema. "Unasemaje?"

Arnaluk alikitazama kile kikombe. "Kidogo nikuue," alisema. "Umesimama hapo na kikombe, kidogo nikuue. Nitakukasirikia mwaka mzima, usidhani nitasahau." Akatazama lile pengo kwenye theluji, tuktu wakipita wakigusana mabega. Akaingiza mkono ndani ya koti, akafungua kitambulisho chake, akampa Brandt. "Usiandike kitu, mwanangu."

Tiriaq akakiacha kisanduku kitupu. Chini, penye nafasi ya maelezo, akaandika kwa herufi za kwao: *Wa kwanza wamepita.* Akarudisha fomu pamoja na kitambulisho chake.

Brandt aliigeuza huku na huku. "Hapa hapana namba."

"Hapana."

Qavik alikuwa amewafikia, akichechemea, kopo tupu la pichi mkononi. Alimtazama Brandt, akaitazama fomu, ingawa miwani alikuwa ameiacha kibandani. Akanyoosha kopo.

"Tiriaq," alisema, "hiyo chai imebaki?"

Miaka sita mzee hakuwahi kumwita kwa jina hilo. Tiriaq aliinua thamosi, akaiinamisha, hakikutoka kitu. Alikuwa ameiacha wazi bila kifuniko muda wote ule.

"Imeganda yote, mzee," alisema, akaanza kulia.